Daftari Kando ya Kitanda

Mhadhara kwa wauguzi, wanafunzi wa uuguzi na jamaa za wagonjwa

Nimeombwa nizungumzie shajara za wagonjwa mahututi. Nitafika huko. Kwanza nina habari ya mjomba wangu.

Mjomba alikuwa mvuvi, na tangu nimfahamu hakuna jambo la nchi kavu lililowahi kumzuia kwenda baharini kupita zile siku tatu za matanga. Mwaka mmoja nimonia ilimkamata vibaya. Wodi ya kawaida ikashindwa, akahamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi, ICU kama tunavyosema wote, akakaa humo siku 19. Nyingi katika hizo alikuwa na mrija kooni, mashine ikimpumulia, dawa za usingizi zikimlaza. Alipotoka, mtaa mzima ulikuja kumpa pole. Miezi mitatu baadaye kifua kilikuwa safi na nguvu za mikono zimerudi, lakini mjomba alikuwa hataki hata kuiona ngalawa yake. Akitajiwa bahari, goti linamuuma.

Jioni moja barazani akaniambia. Nadhani alinichagua mimi kwa sababu ya kazi yangu, na kwa sababu giza lilikuwa limeshaingia. Alisema kule ICU walimpakia kwenye jahazi. Walimlaza chini kabisa, ngamani, juu ya mizigo laini iliyokuwa ikimwinua na kumshusha usiku kucha. Watu waliofunika nyuso walimfunga mikono wakamsokomeza kamba kooni asipige kelele. Kila jahazi lilipokaribia mwamba kengele ililia, na wale watu wakaja mbio. Hakukuwa na usiku wala mchana. Alijua anakwenda kuuzwa. "Mpwa wangu," aliniambia, "najua nilikuwa hospitali. Sina wazimu. Ila nikitia mguu chomboni, mwili wangu hauna habari hiyo."

Muuguzi yeyote aliye humu ameshalitambua jahazi hilo, ubao kwa ubao. Mzigo laini unaopanda na kushuka ni godoro la upepo, lile linalojaa na kupungua kwa zamu ili mgonjwa asipate vidonda vya kulalia. Kamba ya kooni ni mrija wa kupumulia. Nyuso zilizofunikwa ni barakoa zetu. Mikono alifungwa kweli. Tunawafunga wagonjwa wasijichomoe mirija, na ni nadra mtu kuwaeleza baadaye kwa nini. Kengele ni ya mashine inayofuatilia mapigo ya moyo, ambayo masikio yetu sisi yameshaizoea hadi hatuisikii. Ubongo wa mjomba haukutunga uongo. Ulipewa vipande vya kweli huku ukiwa na homa, upungufu wa oksijeni na dawa, ukaunda kisa kwa mbao ulizokuwa nazo. Angekuwa fundi magari, bila shaka angelazwa chini ya lori.

Hayo ndiyo maruweruwe. Neno tunalo, tena zuri, na nalipenda kuliko maneno ya vitabuni kwa sababu halimtukani mgonjwa. Anayeona maruweruwe si mwendawazimu.

Sasa, hospitali ile haikuwa na shajara ya wagonjwa. Aliyekuwa na daftari ni mkaza mjomba wangu, mwanamke asiyekubali shilingi ipotee bila maelezo. Alikuwa na kaunta buku ya matumizi, na kila siku ya zile 19 aliandika alichonunua, na pembeni, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kuandika, alichokiona. Glavu boksi moja, nauli ya kwenda na kurudi, maji, na chini yake: leo wamembadilishia godoro, hili ni la upepo, linaunguruma. Siku nyingine: amekohoa, nesi mrefu kasema ni dalili njema. Siku nyingine hakuna kitu ila chai, na neno moja, "vilevile".

Nilimwomba amsomee. Alisita, aliona haya, maana kulikuwa na deni la jirani humo. Akasoma usiku mmoja, na usiku wa pili. Walipofika kwenye godoro, mjomba alimkatiza: "Linaunguruma vipi?" Mkewe akaigiza mlio kwa mdomo. Mjomba akanyamaza sana, kisha akasema, "Hiyo ndiyo injini." Kumbe jahazi lake lilikuwa na injini, na muda wote ule hakuwa ametuambia.

Alirudi baharini baada ya msimu mmoja. Sitasimama hapa kusema kaunta buku ndiyo iliyomponya. Wenzake walimbembeleza, na njaa nayo inabembeleza. Hadi leo hakubali kulala chomboni. Tena kuna kipande kimoja cha njozi zake alichokataa kukirudisha hospitali: mwanamke aliyekuwa akimwimbia alfajiri. Tulitafuta daftarini, hayumo. "Huyo mwacheni," alisema, nasi tukamwacha.

Hoja yangu ya leo imo katika kisa hicho. Mtu anatoka ICU akiwa na ushahidi wa upande mmoja, nao ni ushahidi wa maruweruwe. Anahitaji shahidi wa pili aliyekuwa macho. Shajara ya mgonjwa ni huyo shahidi.

Turudi nyuma hadi Copenhagen, mwaka 1952, maana huko ndiko chumba hiki cha wagonjwa mahututi kilikozaliwa, na kilizaliwa na shahidi ndani yake. Polio iliushambulia mji ule kwa namna ambayo Ulaya ilikuwa haijaiona. Katika hospitali ya Blegdam, kati ya wagonjwa 31 wa mwanzo ambao kupooza kuliwafikia kwenye kupumua na kumeza, 27 walikufa ndani ya siku tatu. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alishauri watobolewe koo na kusukumiwa hewa kwa mkono kwa kuminya mfuko wa mpira. Tarehe 27 Agosti mwaka huo alimfanyia hivyo msichana wa miaka 12, akanusurika mbele ya macho ya madaktari waliokuwa wamekwisha kumkatia tamaa. Mashine za kuwatosha wagonjwa hazikuwapo, kwa hiyo waliitwa wanafunzi wa udaktari, wapatao 1,500 kwa jumla, wakaketi kwa zamu kando ya vitanda wakiminya mifuko usiku na mchana, majuma kwa majuma. Desemba 1953 Ibsen akafungua katika hospitali nyingine ya mji huohuo wodi ambayo wengi wanaihesabu kuwa ICU ya kwanza duniani.

Nataka mwangalie wale wanafunzi. Wagonjwa wao wengi walikuwa watoto, na walikuwa macho. Mwanafunzi aliminya mfuko huku akimsomea mtoto kitabu, akimwambia ni saa ngapi, akijifunza kusoma midomo isiyotoa sauti. Mtoto aliyepona alijua ni nani aliyempumulia.

Kisha mashine zikaboreka, nazo dawa za usingizi zikafuata. Kufikia miaka ya 1980 na 1990 ikawa kawaida kumlaza kabisa mgonjwa aliye kwenye mashine, siku baada ya siku, na sisi wote tuliamini ni huruma. Asisikie, asikumbuke. Tulichokuja kukijua baadaye ni kwamba dawa kama midazolamu, ambayo hadi leo tunaitumia sana kwa kuwa ni rahisi kupatikana, inafuta kumbukumbu za mambo yaliyotokea kweli, lakini hailindi mtu na njozi. Mgonjwa hakumbuki uso wa binti yake aliyeketi hapo kwa saa sita. Anakumbuka wauaji.

Takwimu za jambo hili zinatisha kidogo, nami nitazipita haraka. Mwaka 2013 watafiti wa Nashville, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 821 wa ICU waliofuatiliwa kwa mwaka mzima. Asilimia 74 walipata maruweruwe wakiwa hospitali, na miezi mitatu baada ya kutoka, watu wanne kati ya kumi walikuwa na uwezo wa kufikiri unaolingana na wa mtu aliyeumia ubongo kwa kiwango cha wastani. Tafiti nyingine, zikijumlishwa, zinaonyesha kuwa takriban mtu mmoja kati ya watano anatoka na dalili za kiwewe zinazodumu miezi mingi: anashtuka usingizini, anakwepa hospitali, harufu ya spiriti inamtoa jasho. Wengine wanaingia kwenye sonona. Ndugu wanasema, "Tangu atoke kule si yule." Wanachosema ni kweli.

Lakini utafiti ninaoupenda zaidi ni mdogo, wa mwaka 2001, kutoka hospitali ya Whiston karibu na Liverpool. Muuguzi mtafiti Christina Jones na wenzake waliwauliza watu waliotoka ICU wanakumbuka nini. Waliopata shida zaidi ya wasiwasi na kiwewe ni wale waliokuwa na njozi pekee, bila kumbukumbu yoyote ya kweli. Wenye kumbukumbu za kweli, hata zile chungu za kufyonzwa makohozi kwa mrija, walikuwa na afadhali. Fikirini hilo. Maumivu ya kweli yalikuwa kinga. Huruma yetu ya kumfanya mtu asikumbuke chochote ilikuwa imemnyang'anya silaha.

Huko Skandinavia wauguzi walikuwa wameshalihisi jambo hili kabla ya utafiti huo. Katika miaka ya 1980 na 1990, huko Denmark, Sweden na Norway, walianza kuandika vijidaftari kwa ajili ya wagonjwa waliolazwa usingizi. Hakuna wizara iliyowaamuru. Mtafiti wa Kidenishi Ingrid Egerod, aliyeifuatilia historia hiyo, ameonyesha kwamba lilikuwa jambo la wauguzi wenyewe lililopanda kutoka chini, wodi moja ikiiga nyingine. Katika mji wa Norrköping, Sweden, muuguzi Carl Bäckman na daktari Sten Walther walitia na picha ndani yake, na mwaka 2001 wakaandika juu ya kazi yao katika jarida la kitaalamu.

Ni kitu rahisi mno. Ukurasa wa kwanza unaeleza mtu aliletwaje na kwa nini. Baada ya hapo, kila siku au kila zamu, mistari michache kwa lugha ya kawaida ikimwambia yeye mwenyewe: wewe. Jamaa nao huandika. Daftari hukaa kando ya kitanda. Mgonjwa akishapata nafuu hupewa, na katika wodi zinazofanya kazi hii vizuri hapewi kama mtu anayekabidhiwa mzigo wake getini. Anaalikwa wiki kadhaa baadaye, anakaa na muuguzi, wanapitia pamoja, na akitaka anaingizwa katika chumba alicholala aone kitanda, dirisha, ile mashine. Wengi wanashangaa jinsi chumba kilivyo kidogo.

Je, inasaidia? Hapa naomba wanafunzi mkae vizuri, kwa sababu msemaji akishakuambia kisa cha mjomba wake ni lazima umuulize ushahidi.

Mwaka 2010 Christina Jones na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali 12 katika nchi sita za Ulaya, wagonjwa 352. Wote waliandikiwa shajara. Kwa kura, nusu walipewa yao mwezi mmoja baada ya kutoka, nusu wakasubiri hadi baada ya miezi mitatu. Katika waliopewa mapema, waliopata ugonjwa mpya wa kiwewe walikuwa asilimia 5. Katika waliosubiri, asilimia 13. Tulifurahi sana. Wengine walianza kuagiza madaftari yenye jalada la ngozi.

Mwaka 2019 Wafaransa wakatutia adabu. Maité Garrouste-Orgeas, daktari ambaye mwenyewe alikuwa mtetezi wa shajara, aliongoza jaribio katika ICU 35 za Ufaransa, wagonjwa 657. Miezi mitatu baadaye wenye dalili nzito za kiwewe walikuwa takriban asilimia 30 kwa walioandikiwa shajara na asilimia 34 kwa wasioandikiwa. Tofauti ndogo hivyo inaweza kuwa bahati tu, na waandishi walisema hivyo waziwazi. Hata kwa jamaa hawakuona tofauti ya kutegemea. Mimi namheshimu mtu anayejaribu kitu anachokiamini kwa mizani ambayo inaweza kumkana.

Tafiti hizi mbili hazikupima kitu kimoja. Ule wa kwanza ulilinganisha wapokeaji wa mapema na wapokeaji wa baadaye, na ulitafuta ugonjwa mpya. Wa pili ulilinganisha kuandikiwa na kutoandikiwa, na ulihesabu alama za dodoso. Mnaweza kubishana juu ya hilo hadi magharibi. Mimi hukumu yangu ni hii: ningekuwa natunza fedha za wizara, nisingenunua shajara kama dawa ya kiwewe. Ushahidi hautoshi. Lakini ni nani aliyesema kila anachostahili mgonjwa lazima kiwe dawa? Mtu amekaa mikononi mwetu siku 19 bila fahamu. Tumemgeuza, tumemvua, tumemfunga, tumempumulia. Anapoamka anayo haki ya kuambiwa siku zake zilikwendaje, kwa lugha anayoielewa. Tungeazima gari la mtu kwa siku 19, angetudai maelezo ya kila kilomita.

Nalo hili lazima niliseme, ingawa linaharibu kidogo mada yangu: kinga bora ni kupunguza dawa za usingizi. Mwaka 2000 John Kress na wenzake wa Chicago walionyesha kwamba ukisimamisha dawa hizo mara moja kila siku hadi mgonjwa afumbue macho, anatoka kwenye mashine mapema zaidi. Mwaka 2010, huko Odense, Denmark, Thomas Strøm na wenzake walikwenda mbali zaidi: wagonjwa 140, nusu yao bila dawa za usingizi kabisa, wakipewa mofini tu ya maumivu. Hao wasiopewa dawa za usingizi walikaa kwenye mashine siku pungufu. Ila baadhi yao walipata fadhaa, na ilibidi wakati mwingine kuwe na mtu wa ziada wa kukaa kando ya kitanda na kuwatuliza. Mnaona? Wadenishi walizunguka miaka karibu 60 wakarudi kwa wale wanafunzi wa 1952.

Nije kwetu sasa, na nianze na lugha.

Faili la mgonjwa katika hospitali zetu huandikwa Kiingereza, tena Kiingereza cha vifupisho ambacho hata Mwingereza hakielewi. Mgonjwa akipewa nakala yake anaipeleka kwa kijana aliyemaliza kidato cha nne amsomee, na kijana anatafsiri anachoweza na kubuni kinachobaki. Kwa hiyo shajara yetu itakuwa ya Kiswahili, au ya lugha ya nyumbani kwa mgonjwa kama yupo anayeijua. Na Kiswahili kina adabu zake. Mswidi anaandika "wewe" kwa kila mtu, yamekwisha. Mimi siwezi kumwandikia mzee wa miaka 70 "leo umejisaidia vizuri" kana kwamba naandika kwa mtoto wa dada yangu. Nawashauri hivi: ukimwandikia mzee, anza na shikamoo. Andika, "Shikamoo, mzee. Leo ni Jumatano." Utashangaa jinsi neno hilo moja linavyoinyoosha sentensi yote inayofuata, na jinsi linavyomnyoosha anayeandika. Mtu uliyemwamkia ni vigumu kumwita "kitanda namba nne".

Sentensi zenyewe ziwe za vitu vinavyoonekana. Nimewahi kusoma ukurasa ulioandikwa na muuguzi mwema kabisa: "Unaendelea vizuri, Mungu ni mwema, usikate tamaa." Hauna kosa, na haumsaidii mtu. Hauna kitu cha kushika. Linganisheni na huu: "Leo asubuhi ulikohoa mwenyewe. Ulikuwa ukiuvuta mrija wa kooni, kwa hiyo tulikufunga mikono kwa bandeji kuanzia saa nne hadi saa nane, tukakufungua alipofika binti yako. Alivaa kanga ya kijani. Alikusomea majina ya watu waliokutumia salamu, kumi na wawili. Mchana ulipelekwa kwenye kipimo cha CT. Ni mashine kama pete kubwa, unaingizwa umelala. Nje mvua ilinyesha." Anayesoma hivyo baada ya miezi miwili, naye amekuwa akiota kwamba alisukumwa ndani ya tanuri, ana mahali pa kuanzia. Vivyo hivyo mpira wa mkojo, ambao umeshawafanya wagonjwa waamini wamenajisiwa: utaje, sema uliwekwa lini na kwa sababu gani.

Msiahidi. Msiandike "utapona". Na kuna jambo moja ambalo vitabu vya Ulaya hulipita kwa kasi, kwetu ni zito: daftari lililo wazi kando ya kitanda husomwa na kila ajaye. Shemeji atasoma. Mchungaji atasoma. Majibu ya vipimo ambayo mgonjwa mwenyewe hajaambiwa, hali yake ya VVU, jina la mtu aliyekuja kumwona na kuondoka haraka, hayo si ya kuandikwa humo. Picha vivyo hivyo. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na mgonjwa aliye usingizini hawezi kukupa ruhusa. Piga picha ya kitanda kitupu, ya dirisha, ya mashine. Picha ya uso wake na ingoje hadi aweze kukujibu.

Kuhusu jamaa, nadhani sisi tumewatangulia Waskandinavia bila kujua. Familia nyingi zikipata mgonjwa mahututi hufungua kundi la WhatsApp la michango. Someni makundi hayo. Kila siku kuna tarehe na saa: "Leo kafumbua macho." "Daktari kasema figo bado." "Mama kaingia dakika tano, kamshika mkono." Hiyo ni shajara, tena ya waandishi kumi na tano! Tatizo ni kwamba mgonjwa akipona haonyeshwi. Humo mna orodha ya nani hajatoa, mna shangazi aliyeuliza mapema habari za sanda, kwa hiyo kundi linafutwa kimyakimya na ushahidi wote unakwenda nalo. Nawaomba jamaa mlioko hapa: kabla hamjafuta, mtu mmoja mwenye busara akae na daftari, anakili zile habari za mgonjwa siku kwa siku, aache madeni na sanda. Ni kazi ya alasiri moja.

Tukisema "shajara ya ICU" pia tunajidanganya kidogo. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya zoezi kubwa la kuhesabu wagonjwa katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika. Mgonjwa mmoja kati ya wanane waliolazwa alikuwa mahututi, na zaidi ya nusu ya hao mahututi walikuwa katika wodi za kawaida, bila kuingia ICU. Maana yake mtu anayeona maruweruwe yuko kwenye wodi ya wanaume, kitanda cha pili kutoka mlangoni, muuguzi ni mmoja kwa watu 30. Najua mtaniambia: mama, kuandika saa ngapi? Na mna haki. Sikuja kuwaongezea kazi ya kujaza karatasi. Mnazo za kutosha, nyingine hata aliyezibuni hazisomi. Ndiyo maana nasema kalamu kuu iwe ya jamaa. Yule mama aliyekaa kwenye benchi la nje tangu alfajiri na chupa ya chai, ambaye tunamruhusu kuingia dakika chache tena kwa kumkaripia, anazo saa nyingi kuliko sisi sote. Asiyejua kuandika atasema, mjukuu ataandika. Sisi tumpe tu mistari miwili kwa zamu, na ukweli wa yale asiyoruhusiwa kuyaona.

Mgonjwa akifa, daftari ni la familia. Wodi nyingi za Skandinavia huwapa. Sina zaidi la kusema hapo, ila lisitupwe pamoja na mashuka.

Na akipona asiachiwe peke yake kulisoma. Uingereza, mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2009 unataka mtu aliyetoka ICU atazamwe tena miezi miwili hadi mitatu baadaye, mwili na akili. Huko Milton Keynes, mwaka 2005, wagonjwa waliopona, jamaa na wauguzi walianzisha chama, ICUsteps, cha kukutana na kuzungumza tu, na mtu anasikia kwa masikio yake kwamba mwenzake naye alipakiwa melini. Sisi hatuna kliniki hizo kwa wingi, lakini tuna siku za kurudi kuangaliwa kidonda, tuna wahudumu wa afya ya jamii, tuna baraza. Kabla ya kumwuliza kama anakula, mwulizeni aliota nini kule. Mwulizeni faraghani. Wapo waliotoka wakiamini mkwe wao aliwaroga, kwa sababu tu alikuwa amesimama pale kitandani wakati homa ilipopanda, na nyumba ikavunjika kwa ushahidi wa maruweruwe ambao hakuna aliyeupinga.

Hapo mlangoni nimeacha kaunta buku ishirini, nimezinunua dukani njiani nikija, za kurasa 96. Mtakaoingia zamu usiku huu, chukueni moja moja. Kabla hamjaandika lolote, tokeni nje hadi kwenye lile benchi, mwulizeni ndugu wa mgonjwa jina analoitwa nyumbani, mliandike juu ya ukurasa wa kwanza.